Kabla ya kumkataza au kumuuzia mpunga, muulize mwanao maswali mawili

Wazazi wengi tukisikia mtoto anasema anataka kuwa mwanamuziki au mchoraji, huwa tuna majibu mawili tu. La kwanza ni ukali: sanaa ni uhuni, kashike daftari usome. La pili ni kufungua pochi bila kuuliza, kwa sababu tumesikia kuna watoto wa wenzetu waliojenga nyumba kwa nyimbo.

Majibu yote mawili yana kasoro ileile. Mzazi anaamua kabla hajajua mtoto wake anafanya nini hasa.

Mwezi huu nimepokea ujumbe kutoka kwa wazazi wawili wa Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Mmoja anaishi Mikumi, mwingine Kilosa mjini. Hawafahamiani, lakini shida yao inafanana.

Baba wa Mikumi aliandika hivi: "Mwanangu ana miaka 17, yupo kidato cha tatu. Anataka niuze magunia sita ya mpunga ili akarekodi nyimbo Morogoro mjini. Anasema nisipouza ataacha shule. Hii ni wiki ya pili hatusemeshani. Mpunga huo ndio chakula cha nyumba na ndio sare za wadogo zake. Naomba ushauri."

Mama wa Kilosa aliandika: "Binti yangu ana miaka 14. Kila daftari lake limejaa michoro, hadi la hisabati. Baba yake alichoka, akachoma mawili jikoni. Tangu siku hiyo mtoto anachora kwa kujificha nyuma ya nyumba, na mimi haniambii kitu kwa sababu siku ile nilinyamaza. Nimwache au nimkataze?"

Niliwajibu wote jambo moja. Msiuze, msichome na msikataze kwanza. Kaeni na mtoto, mumuulize maswali mawili, mumsikilize bila kumkatiza, kisha mnitumie majibu yake.

Swali la kwanza: umejifunza kwa nani?

Swali la pili: wiki iliyopita ulifanya nini, siku kwa siku?

Nimeyachagua maswali haya kwa sababu ndiyo wasanii huulizwa kila wanapohojiwa redioni na magazetini, na ndiyo yanayomtofautisha anayefanya kazi na anayetamani jina. Mzazi huhitaji kujua noti za muziki wala kushika brashi ili uyaelewe majibu yake. Unahitaji masikio na subira tu.

Amejifunza kwa nani?

Hakuna msanii aliyeota kama uyoga. Kila mmoja ana mtu aliyemsikiliza au aliyekaa karibu naye akamtazama mikono. Sisi wa Morogoro hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mifano.

Salum Abdallah alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Alipokuwa kijana alivutiwa mno na santuri za muziki wa Cuba. Husimuliwa kwamba alitoroka nyumbani akitaka kufika huko Cuba kwenyewe, safari ikaishia Mombasa. Bendi aliyokuja kuiongoza iliitwa Cuban Marimba, kwa hiyo hata jina halikuficha alikojifunza. Lakini hakuwa Mkuba. Aliimba kwa Kiswahili, juu ya mapenzi na maisha ya watu waliomzunguka, mpaka alipofariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1965.

Mzazi mwenzangu, hapo kuna somo. Mtoto wako akikuambia amevutiwa na muziki wa Nigeria, Marekani au Korea, usikimbilie kusema amepotea. Muulize swali linalofuata: "Umechukua nini kwao, na wewe umekifanyia nini?" Salum Abdallah angekuwa na jibu. Mtoto anayeiga tu mavazi na mikogo hatakuwa nalo.

Mbaraka Mwinshehe alipita njia nyingine. Alizaliwa mwaka 1944, na katikati ya miaka ya 1960 akaingia Morogoro Jazz, bendi iliyokuwa na wakubwa waliomtangulia. Kwa kijana, bendi ilikuwa shule: kuna wa kukusahihisha, kuna ratiba ya mazoezi, kuna wacheza dansi ambao hawatainuka kitini ukipiga vibaya. Mwaka 1970 bendi hiyo ilisafiri hadi Osaka, Japan, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Mwaka 1973 akaanzisha bendi yake, Super Volcano. Alifariki mwaka 1979, na hadi leo gita lake halijanyamaza kwenye redio zetu.

Majirani zetu Wagogo, ambao wengine wanaishi humuhumu Kilosa, wanatuonyesha njia ya tatu, ya kujifunza nyumbani. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka muziki wa zeze na ilimba hadi Ulaya. Nyumbani kwake watoto na wajukuu walikua ndani ya muziki huo. Kwa mazoea ya zamani, wanawake walipiga ngoma na kuitikia, na wanaume ndio waliotangulia mbele. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wanaojiita The Zawose Queens, walitoa albamu yao iitwayo Maisha, safari hii wao wakiwa mbele. Walijifunza kwa baba na kwa babu, kisha wakafanya kile ambacho mama zao hawakupewa nafasi ya kukifanya.

Kwa upande wa uchoraji, Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru alianza kuchora karibu mwaka 1968 jijini Dar es Salaam, akitumia vipande vya hadibodi na rangi za kawaida za dukani, zile za kupakia vitu kama baiskeli. Alikuwa na miaka michache tu ya kazi, kwa sababu alifariki mwaka 1972. Lakini ndugu na vijana wachache walikuwa wamekaa pembeni yake wakitazama anavyoanza na rangi ya chini, anavyochora mwili wa mnyama, anavyoweka madoa. Hao ndio waliobeba jina lake. Picha za chui, tembo na ndege ambazo watalii wanazinunua leo zinatokana na vijana wale waliokuwa na mtu wa kumtazama.

Kwa hiyo mtoto akijibu swali la kwanza, sikiliza kama ana mtu halisi wa kumtazama au kumsikiliza, na kama anaweza kukuonyesha alichochukua kwake. Jina la staa peke yake halitoshi. "Namkubali Diamond" ni jibu la shabiki. "Nimesikiliza jinsi anavyorudia neno moja kwenye kiitikio hadi linakaa kichwani, na mimi nimejaribu kwenye wimbo wangu" ni jibu la mwanafunzi.

Wiki iliyopita ulifanya nini?

Swali la pili ndilo linalowatoa jasho. Wengi wana ndoto ya mwaka mzima lakini hawana kazi ya wiki moja.

Wapo wazazi wanaoamini kuwa kurap ni kelele za watu wasiotaka kufanya kazi. Kwa watu wa Mikumi, hilo ni gumu kulisema. Kuanzia 2015 hadi 2020 jimbo hilo liliwakilishwa bungeni na Joseph Haule, yaani Professor Jay, ambaye albamu yake ya Machozi, Jasho na Damu ya mwaka 2001 ilifanya wazee wengi waanze kusikiliza muziki wa vijana. Uwe ulimpigia kura au hukumpigia, mashairi yake ni ya mtu aliyekaa akaandika, akafuta, akaandika tena. Kurap vizuri kunataka msamiati, hadithi yenye mwanzo na mwisho, na sikio la vina. Mtoto anayedai ni rapa na hana daftari lenye mistari iliyofutwafutwa, bado hajaanza.

George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934, anatufaa kwa hofu yetu nyingine, ile ya tumbo. Alikuwa mchongaji kabla ya kuwa mchoraji. Alipofika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndugu yake, mchongaji Augustino Malaba, alimsaidia kupata kazi Nyumba ya Sanaa. Alianza pale kama mlinzi. Alikuwa na mshahara wa ulinzi, na alikuwa mahali ambapo kazi za sanaa zinafanyika kila siku. Alipofariki mwaka 2005 picha zake za mashetani wanaocheka zilikuwa zimeshaonyeshwa katika nchi nyingi.

Mwanao akisema sanaa na kazi nyingine haviendi pamoja, mweleze habari za mlinzi huyo.

Majibu yaliyorudi

Baba wa Mikumi alinitumia ujumbe wa sauti siku nne baadaye. Alisema alimngoja kijana arudi kutoka kuteka maji, akamwita chini ya mwembe, akamuuliza la kwanza.

Kijana alitaja mastaa watatu, kisha akanyamaza. Baba naye akanyamaza, kama nilivyomwomba. Mwisho kijana akasema: "Baba, nikikwambia ukweli hutacheka?"

"Sema, mwanangu."

"Najifunza kwa wapiga debe wa stendi."

Akamweleza kwamba pale Mikumi, basi linaposimama kwa dakika chache, wapiga debe wanaita Iringa, Makambako, Mbeya kwa mapigo yanayopanda na kushuka, na kila mmoja ana namna yake ya kuvuta silabi ya mwisho ili asikike kuliko mwenzake. Yeye huenda kukaa pale Jumamosi na kuyaweka mapigo hayo kichwani. Wa pili aliyemtaja ni babu mzaa mama, Mvidunda, ambaye alikuwa akianzisha nyimbo kwenye ngoma. "Babu alikuwa anaanza kabla ngoma hazijaanza, halafu ngoma zinamfuata. Mimi nataka kuanza hivyo."

Baba alisema hapo aliishiwa maneno. Alidhani mwanawe hasikilizi kitu chochote zaidi ya simu.

Kisha akauliza la pili. Kijana akahesabu: Jumatatu hadi Ijumaa alisikiliza biti kwenye simu. Jumamosi alikwenda stendi. Jumapili alilala. Nyimbo alizomaliza tangu aanze ni moja, na ya pili imefika kwenye kiitikio.

"Kwa hiyo unataka niuze magunia sita kwa wimbo mmoja na nusu?" baba akamuuliza.

Kijana alicheka kwanza, baba akafuata. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki mbili.

Majibu ya Kilosa yalikuwa tofauti. Binti alimwambia mama yake kuwa amejifunza kwa bibi. Bibi husuka mikeka, na mtoto huyu alikuwa akikaa miguuni pake akipanga ukili wa rangi, mwekundu, wa kijani, wa zambarau, tangu hajaanza darasa la kwanza. Alijua rangi zipi zikikaa pamoja zinapiga kelele na zipi zinatulia. Wa pili ni fundi anayeandika mabango ya maduka karibu na soko. Akitoka shule husimama kumtazama anavyopima herufi kwa kamba na chaki kabla ya kugusa rangi. Fundi hajui jina lake, lakini ameshazoea kumuona.

Na wiki iliyopita? Alikuwa anachora mikono ya bibi ikisuka. Aliichora mara kumi na moja. Anaona minne tu ndiyo inafaa kutazamwa. "Kidole gumba kinanishinda, mama. Nikikichora kinakuwa kama ndizi."

Mama alinitumia picha ya ile minne. Sitaisifia hapa, kwa sababu ni mtoto na bado anajifunza. Nitasema tu kwamba ile mikono ni ya mtu mzee, na inaonekana inajua inachofanya.

Mama alimwonyesha mumewe. Mume aliitazama kwa muda mrefu akasema, "Hii ni mikono ya mama." Hajaomba radhi. Amesema tu kwamba kama ni kuchora, achore kwenye daftari lake mwenyewe, la hisabati libaki la hisabati.

Niwe mkweli kwa baba huyo, kwa sababu najua mkewe atamsomea. Suala la daftari la hisabati una haki. Lakini ulichokichoma kilikuwa na kazi ya miezi ndani yake, na mtoto hajui kama utakichoma tena. Neno moja la "pole, mwanangu" linatosha kumtoa nyuma ya nyumba. Usilisubirishe.

Sasa ufanye nini?

Kwa baba wa Mikumi, mpunga usiuzwe. Chakula cha nyumba hakiwekwi rehani kwa wimbo mmoja na nusu, na kijana mwenyewe ameshaliona hilo. Lakini usimwache hapo, maana amekuonyesha kwamba ana sikio. Mpe kazi yenye kipimo: amalize nyimbo kumi, aziandike kwenye daftari kwa mkono wake, aziimbe mbele ya watu bila biti, awe na meza au ndoo ya kugonga tu. Amtafute babu yake, ajifunze nyimbo mbili za zamani mpaka babu aseme zimekaa. Akifika hapo, rekodi moja kwa fedha aliyochangia mwenyewe kwa kibarua cha likizo ni jambo la kuzungumza. Wapo vijana wa Morogoro waliofika mbali na mistari yao, Afande Sele na baada yake Stamina, lakini mistari ilitangulia studio.

Suala la "nitaacha shule" litenganishe kabisa. Usikubali shule iwe kitu cha kukutishia. Mwambie shule inaendelea hata kama wimbo wa kumi ukimalizika kesho.

Kwa mama wa Kilosa, mnunulie daftari lisilo na mistari na penseli mbili, basi. Rangi zitakuja baadaye. Mwambie aandike tarehe kwenye kila mchoro ili baada ya mwaka mmoja aone alikotoka. Halafu fanya jambo ambalo mtoto hawezi kulifanya mwenyewe: nenda naye kwa yule fundi wa mabango, jitambulishe, uombe akae pale Jumamosi asubuhi, wewe ukijua yuko wapi na anarudi saa ngapi. Kuosha brashi ni mwanzo mzuri.

Kwa wazazi wengine, haya yanafaa kila nyumba.

Tafuta mahali pa mazoezi palipo karibu na penye watu wazima mnaowaamini. Kwaya ya kanisa na kaswida ya madrasa zimefundisha waimbaji wengi kupumua, kuitikia na kufika mazoezini kwa wakati. Ngoma ya kijiji nayo ni darasa, ikiwa Kikaguru, Kisagara, Kividunda au Kigogo.

Uliza shuleni. Mtaala mpya wa elimu ya msingi una somo la Sanaa na Michezo, kwa hiyo mwalimu akiliruka kwa kisingizio cha mtihani, mzazi una haki ya kuuliza kwenye kikao.

Akimaliza shule, fahamu kwamba zipo njia za kusomea. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, inafundisha muziki, ngoma, maigizo na sanaa za ufundi. Mikumi kuna chuo cha VETA, nenda ukaulize fani zipi zinatolewa mwaka huu. Kijana mwenye ufundi wa umeme au ushonaji anaweza kulipia rekodi yake mwenyewe, na ndoto yake haipungui kitu.

Mlinde mtoto na kazi yake

Hapa ndipo wazazi wengi tunapoachwa nyuma, kwa hiyo naomba usome polepole.

Mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na hana uwezo wa kisheria kufunga mkataba. Mtu yeyote anayemsainisha mwanao karatasi bila wewe kuwepo, hata akiitwa meneja, ana jambo la kuficha. Karatasi yoyote iletwe nyumbani, isomwe kwa sauti, na kama kuna neno hamlielewi, mtafute anayelielewa kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Wimbo au mchoro wa mwanao ni mali yake tangu alipoutengeneza. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inaulinda. Akifika hatua ya kuuza, Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, inasajili kazi ili kuwe na ushahidi wa mwenye mali, na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ndilo linalosajili wasanii. Hadi hapo, zile tarehe kwenye daftari na rekodi ndogo ya simu ni mwanzo wa ushahidi. Tunza.

Studio za usiku si mahali pa mtoto, na kwa binti nasema mara mbili. Prodyuza wa kweli atakubali kufanya kazi saa kumi jioni mama akiwa amekaa kwenye benchi. Anayesema sauti inatoka vizuri usiku wa manane tu, mwache na usiku wake. Anayeomba picha au "urafiki" ili amsaidie binti yako, huyo mpeleke dawati la jinsia la polisi.

Na mitandaoni, kabla mtoto hajaweka wimbo au picha yake, kubalianeni ni nini hakitawekwa: jina la shule, sare, nyumba yenu, namba ya simu.

Yakiisha yote haya, inawezekana mwanao asiwe staa. Wengi hawatakuwa. Fundi wa mabango pale sokoni si staa, lakini kila duka jipya linamtafuta. Mpiga kinanda wa kwaya si staa, lakini Jumapili asipokuja kanisa zima linajua. Mtoto aliyechora mkono mara kumi na moja akitafuta kidole gumba amejifunza kurudia kazi mpaka ikae, na tabia hiyo itamfaa hata akiwa muuguzi au fundi cherehani.

Jioni hii, baada ya chakula, zima televisheni kwa nusu saa. Muulize mwanao amejifunza kwa nani. Ukisikia jina ambalo hukulitarajia, la bibi, la jirani, au hata la kwako, usimkatize.

Wiki ijayo tutazungumzia simu ya mtoto: nani awe na nywila, na mpaka umri gani. Tuma maswali yako kwa njia ileile.